Kipimo cha Kidole Gumba

Jumapili, baada ya misa, nilimwambia mke wangu:
dola kumi na tano kwa kukaza robine?
Fundi Cirhuza atafute mjinga mwingine.
Miaka kumi na mmoja nafundisha fizikia,
nachora ubaoni tangi juu ya kilima,
mshale unashuka, herufi P, mistari miwili chini yake.
Nani atanieleza mimi msukumo wa maji?

Nikashuka Kadutu, kwa msichana anayeuza vyuma juu ya gunia:
kiungo kimoja, gundi ya tiyo,
utepe mweupe wa kuzungushia meno ya skrubu.
"Nambari ngapi?" Nikamwonyesha kidole gumba.
Akacheka, akanipa kinacholingana na kidole.

Siku ya nne ile Regideso iko kimya.
Bafuni madumu ya njano, matatu yana maji, moja lina mende.
Nikaona ni bahati: nitafanya kazi pakavu.
Nikalala chali chini ya sinki, tochi mdomoni,
nikakata, nikapaka, nikazungusha utepe
(upande gani? upande wowote)
nikakaza mpaka kitu ndani kikasema tik,
sauti ndogo, kama kifuniko cha biki.

Nabintu akaingia, akainama.
"Haivuji," nikasema.
"Hakuna maji," akasema.

Saa nane za usiku yakarudi.
Bukavu nzima inaujua mlio huo:
kwanza hewa, tiyo zikikohoa ukutani,
watu wakiamka kutafuta ndoo gizani.
Kwangu hakikuhitajika ndoo.
Kilima chote kilishuka bafuni,
kila mita niliyowahi kuichora ikaja na uzito wake,
kiungo kikagonga dari, kikarudi, kikanipiga bega.
Nikatafuta pa kufungia. Nikapapasa kabatini,
nyuma ya mlango, chini ya ngazi.
Miaka sita ndani ya nyumba hii
sikuwahi kuuliza maji yanafungiwa wapi.

Laiti hasara ingekuwa yangu!
Lakini huku kwetu nyumba zimepandana;
bati la jirani liko usawa wa kizingiti chako,
na unachomwaga kinaijua njia.
Yakapita sebuleni, yakashuka ngazi za udongo,
yakaingia kwa Mama Cibalonza
mwenye ukuta wa matofali mabichi
na gunia la unga wa muhogo alilokopa Ijumaa.
Akapanda na tochi, kitenge kifuani, matope magotini.
Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.
"Mwalimu," akasema, "mayi yako iko kwangu.
Kuya uichukue."

Asubuhi Cirhuza hakugusa robine.
Alizunguka nyumba. Nyuma ya choo
akamfukuza kuku wetu, akainua bati alilolalia,
na hapo palikuwa na gurudumu dogo jekundu.
Kuku alikuwa anaujua siku zote.
Kisha akaweka sikio ukutani.
"Maji yanatoka saa ngapi?"
"Usiku."
"Basi nitamaliza usiku."

Na kweli alirudi, akaketi juu ya dumu,
kidole gumba kwenye kiungo kipya,
kama muuguzi anayesikiliza mshipa.
Tukangoja. Hakuzungumza, nami, kwa mara ya kwanza
tangu nipate diploma, sikuwa na la kufafanua.
Tiyo zikakohoa. Kidole hakikuondoka.
Kilipoondoka kilikuwa kikavu,
akakipangusa kwenye suruali hata hivyo.

Dola kumi na tano.
Na unga, thelathini na mbili.
Na siku mbili za kukanda udongo kwa Mama Cibalonza,
suruali nimeikunja, wanafunzi wakipita barabarani
wakiniamkia kwa heshima iliyozidi kidogo.

Jumatano nilichora tangi tena, kilima, mshale.
Mwisho wa mshale, ambapo kila mwaka ninapiga mistari yangu miwili,
nikachora nyumba.
"Hiyo haiko kitabuni," akasema mmoja wa nyuma.
Nikaongeza mlango,
na mlangoni, gunia.